Daftari la Ajali

Walinipa daftari kwa sababu nilichelewa mkutanoni.
Wote walikwisha kukataa. Kiti kilichobaki kilikuwa changu,
na juu ya kiti, daftari: jalada la kijani,
kalamu imefungwa kwa uzi kama mbuzi wa kuazima.
"Hongera," akasema Bwana Cezary, "ndiwe mjumbe wa usalama."
Nikauliza: usalama wa nani? Wakacheka.
Sikuwa natania.

Sisi hufua mashuka ya hospitali tatu za Radom.
Huja na damu, na dawa, na jasho la wagonjwa,
mara moja yalikuja na meno ya bandia,
mara mbili na sindano.
Hutoka meupe, yana joto la mkate.
Ukutani kuna ubao wa taa nyekundu unaohesabu,
mia tano na kumi na mbili, na kumi na tatu, na kumi na nne,
na chini yake lengo, ambalo kila Jumatatu
hupanda kidogo, kama maji ndani ya chumba kilichofungwa.

Daftari lina safu. Kuungua. Kukatwa. Kuteleza.
Kuchomwa na sindano. Mengineyo.
Miezi miwili niliandika nilichojua kuandika:
Bronka, kiganja, pasi ya mvuke.
Olek, kisigino, sakafu ina maji karibu na mashine ya nne.
Sakafu ina maji karibu na mashine ya nne.
Sakafu, kwa mara ya tatu, ina maji.

Halafu Teodora.
Teodora wa meza ya kukunja, mwenye mikono myepesi kuushinda ubao,
aliyepewa mwaka jana cheti na chupa ya manukato.
Nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo,
kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi,
anakitazama kama barua ya lugha aliyoisahau.
"Saa nzima niko hapa," alisema, "sijui kwa nini.
Nyumbani nakunja. Nikifumba macho nakunja.
Mwanangu akiniita nasikia namba."

Mzigo wa mwenzio, husemwa, ni kanda la usufi.
Niliubeba siku ile hadi kituo cha basi:
ulikuwa shuka lililolowa,
halijakamuliwa.

Usiku nikafungua daftari. Kuungua? Hakuungua.
Kukatwa? Labda, lakini wapi?
Fomu inadai sehemu ya mwili.
Nikaandika penye Mengineyo, herufi zikibanana:
Teodora. Hapati usingizi. Sehemu ya mwili: yote.
Chanzo: ubao.
Shahidi: mimi, nisiyelala pia.

Asubuhi nililisahau daftari mezani pa chai.
(Sikulisahau.)
Niliporudi kulikuwa na miandiko isiyo yangu.
Olek: moyo hunienda mbio nikiliona geti.
Bronka: nimeacha kunywa maji ili nisiombe ruhusa ya choo.
Na mmoja, kwa penseli, bila jina: hata mimi.
Ukurasa na nusu. Mengineyo yalivuka mstari,
yakaingia kwenye Kuteleza, yakaijaza Kuungua.

Bwana Cezary alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.
Akatoa mfukoni vidonge vyake vya tumbo,
akavitazama, akavirudisha.
"Nitalipeleka juu," alisema.
Ngazi ni kumi na nne. Daftari lilizipanda kwa wiki tatu.

Likarudi na fundi, akaziba bomba la mashine ya nne.
Likarudi na dakika kumi za kukaa, na ruhusa ya choo isiyo ruhusa.
Kuhusu ubao, walisema, suala linatafakariwa.
Basi Bronka akapanda kiti, akautundikia shuka.
Siku hiyo hesabu ilipungua shuka moja
na hakuna aliyelishusha,
hata Bwana Cezary, ambaye hahitaji kiti.

Teodora ana likizo ya wiki sita, kwa cheti cha daktari.
Jana alinitumia picha, bila salamu:
kitanda chake, saa tano ya asubuhi,
shuka limejikunjamanisha lenyewe,
nusu liko sakafuni.
Chini ameandika: sijaligusa.