Futi Kumi na Tatu

Nasoma kipimo chini ya daraja kama wengine wasomavyo magazeti.
Siku ile: futi kumi na tatu, na maji bado yapanda.
Habari njema kwangu, mbaya kwa nguruwe.
Atchafalaya ikivimba, bonde lote hulowa,
nao hukimbilia matuta, na matuta nayajua.

Mwezi wa pili. Msimu wa kulungu umefungwa.
Nguruwe mwitu hawana msimu, hawana idadi, hawana wa kuwalilia.
Ardhi ya babu zangu ilikwenda kwa mwenye kiwanda cha sukari,
ya jirani imezungushiwa waya na vibao vya marufuku;
hii tu ndiyo ya umma, yaani yangu
na ya kila mwenye mabuti.

Kwenye sanduku la mbao nilijaza kadi kwa penseli iliyofungwa uzi:
Ozelia Batiste, saa kumi na moja alfajiri.
Juu ya yangu palikuwa na nyingine,
mwandiko mwembamba wenye vinukta na vikofia:
Lương Văn Khiêm, saa kumi na nusu.
Nikasonya. Mtu kaniwahi.

Maji ya magotini. Kisha ya mapajani.
Nilitambaza mguu, sikuuinua,
maana chini yako magoti ya miberoshi yanayouvizia ugoko,
na nyoka mwenye kinywa cheupe kama pamba haulizi kibali.
Na mbu! Mbu wa mwezi wa pili, nani aliwaruhusu?
Tope likanivuta buti, nikalivuta,
likanivuta, nikalivuta, pwata, pwata,
hata nikajisikia mwenyewe nilivyo nguruwe.

Juu ya tuta la mialoni ardhi ilikuwa imelimwa usiku kucha,
imefukuliwa kama shamba la mtu mwenye hasira,
kinyesi bado kinafuka mvuke.
Hapo nikamwona mzee:
amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bunduki mapajani,
kimya kama kisiki kilichokunywa maji.
Hakunipungia mkono. Alilowesha kidole mdomoni, akakiinua.
Upepo.
Ulikuwa ukitoka mgongoni kwangu kuwaendea wao, ukinitangaza.
Nikazunguka mbali, nikaja kuchuchumaa kando yake bila salamu.

Walitoka kwenye miyaa, jike mweusi na madume mawili machanga,
wakitafuna njugu za mialoni, kra, kra,
kama watoto wa viti vya nyuma.
Nafasi ilikuwa yake. Niliiona ikiwa yake.
Akanigusa kiwiko: wewe.
Risasi ilipolia msitu mzima ulishtuka,
kisha ukajifanya haukusikia.

Kuua ni dakika. Kutoka ni siku.
Ratili mia na arobaini, nusu maili ya maji.
Tulimfunga miguu, akaelea,
tukamburuta kama mtumbwi usiotaka kufika.
Njiani ndipo aliposema: zamani alivua kambamiti;
kimbunga kikaichukua mashua,
benki ikachukua kilichobaki.
Nikamwambia naendesha basi la shule.
Hakucheka pahali pa kucheka.
Alicheka mbele kidogo, alipoanguka.

Tulichunia nyuma ya gari langu. Aliomba kichwa, ini, na kwato;
mimi nikachukua mgongo na paja.
Paja la pili tulibishania,
kila mtu akimsukumia mwenzake, hadi damu ikatukauka mikononi.
Sikumbuki nani alishinda.
Wakati wa kutoka kadi huuliza: Umeua wangapi?
Alifikiri, akalamba penseli, akaandika: nusu.
Nami nikaandika nusu.
Afisa wa wanyamapori na ajumlishe mwenyewe.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu,
mtoto wa kituo cha tatu alipanda, akakunja pua:
"Bi Ozelia, basi linanuka mto."
Kweli. Tope lilikuwa juu ya pedali ya breki,
limekauka, limeshika alama ya soli.
Sikulifuta wiki hiyo.
Darajani nilipunguza mwendo, nikachungulia:
futi kumi na moja, yanashuka.