Moto Unaozaa Maji

Miaka kumi na tisa nanuka mafuta ya taa.
Sabuni haiyatoi. Mume wangu, Mungu amrehemu,
alinitambua gizani kabla sijabisha hodi.
Ndege ya alfajiri ikitua Port Reitz
mimi ndiye nibururaye mpira chini ya bawa,
nafunga waya wa ardhi, nafungua, nasoma saa:
lita elfu moja, elfu mbili, elfu kumi na nane,
na puani mwangu dunia yote ni koroboi.

Jumanne walitutia darasani.
Injinia Tsuma, shati bado lina mikunjo ya dukani,
akachora ndege ubaoni, nene kiunoni
kama mja mzito wa miezi saba.
"Hii haitaki mafuta. Inataka haidrojeni."
Akaugonga mkia kwa kalamu: "Tangi hapa.
Viti vya nyuma vitapungua."
Mwakio akanong'ona: "Wa tiketi rahisi ndio hao washashushwa."

Kilo kwa kilo, nguvu zake mara tatu ya mafuta yetu.
Lakini ni nyepesi, haikai, haitulii,
hupenya tundu ambalo hata umbea haupenyi.
Ili ikubali kuwa kimiminika uipoze
hadi nyuzi mia mbili hamsini na tatu chini ya sufuri,
na hapa kwetu, Februari, lami ya uwanja
hung'ang'ania soli za viatu.
Chuma kikiizoea hugeuka biskuti.
Haina harufu. Haina rangi. Ikiwaka mchana
mwali wake hauonekani;
ngozi ndiyo itakayokupasha habari.

Hapo nikavitazama viganja vyangu.
Mafuta ya taa yana adabu: yakivuja, hunena.
Pua hii imeokoa abiria wasionijua jina,
mara mbili, sitii chumvi.

"Na moshi?" akauliza Mwakio.
"Hakuna moshi. Inatoa maji."

Maji.
Bibi yangu alikuwa akisema moto huzaa jivu,
akisema huku akiwatazama wajomba zangu.
Huu sasa unazaa maji,
mvuke wa kumwagwa juu ya Kilindini, juu ya Likoni,
juu ya mabati ya Magongo ambako mfereji wetu
umekauka tangu Mfungo Sita
na Kadzo wa mkokoteni auza mtungi shilingi hamsini.

Nikanyoosha mkono. "Hiyo haidrojeni yatoka wapi?"
"Hupasuliwa kutoka kwenye maji, kwa umeme."
"Maji yapi?"
Akafuta ubao kwanza. Akasema bahari ipo,
itachujwa chumvi; umeme wa mvuke wa ardhini upo bara,
nyaya zitaletwa; fedha, wanazungumza.
"Lini?"
"Wengine wanasema miaka kumi na tano. Wengine
walisema hivyohivyo miaka kumi na tano nyuma."
Nilimpenda kwa jibu hilo.

Jioni namkuta Mwanamvua, kidato cha pili,
amekaa sakafuni na betri ya redio, misumari miwili,
maji ndani ya bilauri na chembe ya magadi.
Maji ya Kadzo! Nikafungua kinywa nimkemee.
"Ngoja, mama."
Mapovu yalipanda kwenye msumari mmoja, madogo,
kama samaki anayefikiri.
Akayakusanya ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi,
akakiinua kifudifudi, akawasha kiberiti.

Pwu.
Kama mtoto aliyenyimwa neno.

Nikatia kidole ndani ya shingo ya kichupa:
unyevu. Kidogo, hautoshi hata kulowesha stempu.
"Na kazi yako?" akaniuliza. "Itabaki?"
Nikamwambia lazima patakuwa na mtu wa kuvaa glavu
na kushika mpira, hata mpira ukiwa wa barafu.
Sikumwambia habari ya pua.

Kisha nikayamimina yale maji ya magadi
kwenye ndoo ya kupigia deki. Yalikuwa bado maji.
Zamu yangu ni saa kumi alfajiri.