Msuli

Chuo chetu cha uuguzi, Lindi, hakikuwa na kiunzi cha mifupa.
Kilikuwa na ukuta mweupe, na mimi,
na kalamu za risasi tatu
nilizotia sahihi daftarini kwa Mkufunzi Chinduli.

Nikamwomba baba avue shati.
Akaketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa,
amejifunga msuli wake wa mistari ya kijani,
weupe wa majaruba ungali umemganda kwenye muundi.
Miaka thelathini na mmoja, bega lilelile, gunia la chumvi.
"Unatafuta nini humu?"
"Msuli."
Akashika fundo la kiunoni, akacheka:
"Huu ninao mmoja tu."

Nilimpapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Mtulinga. Kombe la bega,
sahani inayoteleza chini ya kitambaa.
Uti wa mgongo, pingili kwa pingili, nikahesabu kwa sauti
naye akaitikia, kama tunapakia lori.
Penye kano nilikaza mkono.
Penye nyama nilifuata uzi wake,
maana nyama ina uzi,
na aliyeipa jina la vazi la baba
lazima aliwahi kumtazama mtu akiinua mzigo.

Siku ya nne akauliza:
"Na kuchoka, utakuchora wapi?"
Nikachonga kalamu. Ilikuwa bado ina ncha.

Chinduli alikuja na rula.
Bega la kulia limeshuka, akasema, vidole viwili.
"Hii ni sayansi, Somoe. Mwili wa mtu yeyote. Sawazisha."
Nikafuta, nikalipandisha.
Yule wa ukutani akawa mgeni kabisa,
mtu ambaye hajawahi kubeba hata mtoto.
Nikafuta tena.
Mkufunzi akatazama unga wa kifutio sakafuni,
akaenda kunywa chai.

Sasa wanafunzi humwelekeza kwa fimbo:
kidari, kisugudi, fupanyonga, kilegesambwa.
Usiku wanapiga msuli mbele ya msuli.
Jina lake hawalijui.
Baba alikuja kumwona mara moja tu,
akasimama mlangoni, kandambili mkononi,
akajipangusa bega.

Na katika mtihani wa Novemba
kijana mmoja wa Nachingwea aliandika, kwa mwandiko safi:
"Bega la kulia la binadamu
huwa chini kuliko la kushoto, kwa vidole viwili."
Akatiwa kosa kwa wino mwekundu.

Niliiomba ile karatasi. Ninayo.