Swali la Nne

Karatasi zimegeuzwa. Saa tatu na dakika mbili.
Chuo cha ualimu, Ligula. Feni inakwaruza hewa,
na mkono wangu wa kulia umeanza tena mambo yake:
unatoka jasho
kana kwamba ni wenyewe ulioulizwa.

Swali la nne. Tafuta mkengeuko sanifu.
Namba kumi na mbili zimejipanga mstari mmoja
kama watoto wa darasa la tatu waliochelewa namba,
nami niko mwisho wa mstari.

Niko kweli. Nauona ubao wa Mwalimu Nanguka.
"Saba mara nane, Somoe!"
Chaki inalowa kiganjani hadi inakatika.
Hamsini na... hamsini na...
Darasa linacheka.
Alisema kichwa changu dafu: kizuri kwa nje,
ukitikisa, maji.
Hakunichapa. Afadhali angenichapa,
alama ya fimbo haimalizi wiki.
Dafu hilo nimelibeba miaka kumi na moja
bila kumwagika hata tone.

Mwezi uliopita Bi Mkapunda, mkufunzi wetu,
alifunga kitabu somo likiwa katikati.
"Andikeni siku mlipoanza kuogopa."
Tukacheka. Kisha kimya.
Chingwele, yule mrefu wa Nachingwea
anayetangaza mpira bwenini kuliko redio,
aliandika kurasa mbili, akaomba ya tatu.
Mimi niliandika: saba mara nane.
Alisoma. Hakunipa pole.
"Kwenu mnauza nini?"

Korosho, Bi.
"Na risiti ya chama alikuwa anasoma nani?"

Mimi. Kitama, kwa tochi ya simu:
kilo mia tatu na kumi na mbili,
mara bei ya mnada,
toa ushuru, toa makato ya chama, toa gunia.
Mama alipata jibu kabla karani hajabonyeza kikokotoo.
Na mwaka ule nilimwambia karani mbele ya watu:
elfu kumi na nne zetu ziko wapi?
Zilirudi. Tukala ming'oko njiani, kwa chumvi na pilipili.
Hakuna aliyeniambia kwamba ile nayo ni hesabu.
Sisi tuliiita hela ya sare.

Hofu haijaondoka, sitasema uongo.
Imekaa dawati la nyuma, inatafuna kalamu.
Nimepangusa kiganja kwenye sketi, nikaiacha ikae.
Namba ya kwanza, toa wastani.
Ya pili, toa wastani. Makato tu haya.
Ya saba imenigomea; nimeikata,
nimevuta pumzi, nimeianza upya.
Ya saba bado siiamini sana.

Pembeni kabisa mwa karatasi
nimeandika hamsini na sita.
Haijaulizwa popote.
Msahihishaji ataipitishia wino mwekundu, na apitishe.

Nimegeuza ukurasa. Swali la tano.