Nan, Siyo Nani

Jioni ya kwanza Bi Zuura alininyooshea mkate,
akasema, "Nan."
Nami nikadhani nimeulizwa,
nikajitaja jina lote, la baba na la babu,
mkate umening'inia hewani kati yetu
mpaka mjukuu wake akacheka, akaanguka kando ya jiko.

Niliingia Naryn mwezi wa Oktoba
na begi la nguo zisizojua baridi.
Mto unapita katikati ya mji kwa haraka,
kama mtu aliyeitwa.
Asubuhi pua inaniuma kabla sijafungua macho.

Chai huku ni chai, neno lile lile,
ila bakuli halijai.
Anatia kidogo, mafunda matatu, basi,
nami nikasema moyoni: mama huyu mchoyo.
Siku tatu nilimsengenya kimoyomoyo,
hadi Topchugul, mwalimu wa hesabu, aliponifumbua:
bakuli likijaa, mgeni anaambiwa nenda.
Likipungua maana yake kaa,
nipate sababu ya kukumiminia tena.

Shuleni mkuu alifungua mlango wa darasa,
akasema, "Baldar," yaani watoto.
Nikasikia balaa. Sikukosea sana.
Vichwa kumi na tisa, kompyuta saba,
moja kibodi yake haina A.
Jiko la makaa ya mawe linakohoa pembeni;
aliye karibu nalo anaungua goti moja,
wa dirishani anachapa na glavu.

Masomo nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani.
Wiki ya kwanza ikaishia kutafuta waya.
Ya pili umeme ukakatika,
tukaandika programu ubaoni kwa chaki
na Sezim akawa ndiye kompyuta:
anatii tu, hatua kwa hatua, bila kufikiri.
Nikamwambia nenda mbele, nikasahau kumwambia simama.
Akaenda. Akagonga ukuta. Akaendelea kuugonga,
taratibu, kwa adabu zote,
na darasa zima likaelewa kitanzi kisicho na mwisho
kuliko ambavyo ningewaeleza mwaka mzima.

Daftari wao huita dapter. Kitabu, kitep.
Sijui maneno haya yaliagana njia panda ipi,
moja likashika mlima, jingine likaja kwetu.
Nikiyasikia ndani ya sentensi nisiyoielewa
ni kama kumwona jirani wa mtaani
kwenye stendi ya ugenini, amevaa koti zito.

Usiku, chini ya blanketi mbili,
niliandika programu yangu ya siri:
siku ni sawa na siku kutoa moja.
Ilianzia mia na themanini.
Kila asubuhi niliiendesha kabla ya kunawa uso.

Bektur, miaka kumi na mmoja, mzito wa maneno,
aliiona siku nilipomwazima laptopu.
Mia na thelathini na mbili. Akaitazama kitambo.
"Mwalimu, ikifika sifuri?"
Nikamwambia ukweli: hapo sijaandika kitu.
Akasema basi ina kosa,
programu lazima ijue inakwenda wapi,
si wewe uliyetufundisha?

Kengele ikalia. Sikuona alichofanya.
Kesho yake, meno yakigongana, nikaiendesha:
mia na thelathini na tatu.
Nikasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo.
Alama ya kutoa ilikuwa imepata kijiti cha kusimama.
Imekuwa kujumlisha.

Kuirudisha ni kubonyeza mara moja tu.
Kidole kilikuwa pale pale.
Ila Bi Zuura aliita kutoka jikoni,
neno moja, lile lile,
nami kwa makusudi nikamjibu jina langu lote,
la baba na la babu,
nikamsikia anacheka hadi sufuria inatikisika.
Nikaiacha laptopu wazi kitandani.
Chai ilikuwa mezani. Mafunda matatu.