Nyumbani na Ugenini

Barua ya Mitengo ilikuja na mihuri miwili,
kana kwamba mmoja peke yake ungedanganya.
Ya Mtanda aliileta Somoe Nandonde mkononi,
imekunjwa mara nne, imelowa jasho,
akasimama mlangoni akisubiri niisome.
Miaka mitatu nimewafundisha kwa kujitolea;
leo, waliposikia Mtwara wananitaka,
wamekumbuka kuwa nina jina.
"Mwalimu, wamesema ujibu."
Nikamwambia jibu si chai ya kuchemka huku umesimama.

Usiku nikafungua daftari la mechi,
nikapiga mstari katikati ya ukurasa:
kushoto nyumbani, kulia ugenini.

Mitengo wana sakafu ya mbao. Ya mbao, jamani,
imepigwa vanishi hadi unaziona soli zako.
Wana ubao wa kioo, saa inayolia yenyewe,
na taa, maana gesi inatoka hapo hapo Madimba,
itakatikaje?
Hukatika.
Mshahara wa tarakimu saba, bima ya watu sita,
nyumba Shangani yenye vigae,
maji yanayofika bombani bila kubembelezwa.
Pointi ishirini, na sijavua hata koti la mazoezi.

Mtanda tuna saruji iliyoota nyufa,
ringi iliyoinama kama anayewaamkia wakwe,
nyavu tulizosuka wenyewe kwa kamba za magunia.
Ikifika Oktoba hata uwanja hatuna:
chama cha msingi wanaanika korosho pale,
na Likwachala mlinzi anazihesabu kwa macho.
Tunabakiwa na vichochoro kati ya marundo.
Humo wasichana wangu wakajifunza kudunda mpira,
chini, chini kabisa, usawa wa goti,
na anayekanyaga korosho anakimbia mizunguko kumi.
Ndiyo maana hatupokonywi mpira kirahisi.
Hii niiandike wapi?
Ni pointi, au ni madhambi?

Nikampigia Chiwanga, kocha wa Mitengo aliyeondoka,
wa tatu katika miaka minne.
Yuko Masasi, anauza vipuri vya pikipiki.
Alicheka kwanza, akamhudumia mteja, akarudi.
"Mkuu wa chuo hukaa kiti cha mbele," akasema.
"Ukishinda, atakuita dada.
Siku atakayokuita Bibi Hokororo
anza kutafuta maboksi."

Mtanda hawajawahi kumfukuza kocha.
Kweli. Hawajawahi kuwa na kocha wa kumfukuza.
Na barua yao, nilipoisoma mara ya pili,
ilisema nitalipwa "fedha zikipatikana,"
maneno ninayoyafahamu kama njia ya kwenda sokoni.

Mezani ilikuwapo karatasi ya tatu.
Tumu, mwanangu, amepangiwa shule ya bweni:
godoro, ndoo yenye mfuniko, shuka mbili za bluu,
viatu vyeusi vya ngozi, ada kwa mkupuo.
Karatasi hiyo haikuwa na upande kwenye daftari langu,
lakini ndiyo iliyopiga filimbi.

Usiniulize moyo ulisema nini.
Nilichagua vigae. Nasema hivi bila kuinamisha kichwa.
Somoe alibeba begi langu hadi stendi ya Lindi,
hakulia, hakunipungia mkono,
aliniuliza tu nani atabaki na ufunguo wa stoo.

Februari, Mtanda wakaja Mitengo kucheza.
Walivua viatu mlangoni, wakidhani ndiyo adabu ya mbao zile,
na wachezaji wangu wapya wakacheka.
Robo ya tatu, Somoe akapokea mpira pembeni.
Alishuka nao chini, usawa wa goti,
akakata kushoto, akakata kulia,
akipita mahali ambapo hapakuwa na kitu
kana kwamba sakafu nzima imeanikwa korosho
na ni yeye peke yake anayeziona.
Mabeki wangu wawili waligongana.
Mpira ukaingia bila kugusa chuma.

Mikono yangu ilipiga kofi moja
kabla sijaikamata.

Kiti cha mbele kikageuka taratibu.
"Bibi Hokororo," akasema mkuu wa chuo.

Na tulikuwa tunaongoza kwa tisa.