Spoku ya Baiskeli

Kadi yasema: pingu za miguu, karne ya kumi na tisa.
Kadi imekosea.
Hiyo spoku iliyopita pale penye komeo
ni ya baiskeli yangu nyeusi,
niliichomoa mwenyewe gurudumu la nyuma
mwaka wa sabini na mbili, hapa hapa Ibra,
kwa kuwa msumari wake ulikuwa umepotea
na mfungwa amekaa kitako ananingoja.

Alinyoosha miguu kama anayepimwa viatu.

Msabbah bin Hudhaib. Mwizi wa maji.
Alifungua falaji usiku, nyota ya zamu yake haijachomoza,
akanywesha ndimu zake kumi na moja.
Ushahidi ulikuwa matope.
Kadi haina matope.

Sasa chumba kina kipoza hewa, taa zatokea sakafuni,
na ukuta umepakwa rangi ya ukuta wa zamani.
Harufu hawakuiweza. Ghala la tende lilikuwa mlango wa pili,
asali ikichuruzika mferejini usiku kucha,
na yeye juu ya mkeka, na mkate wake mkavu, akinusa.

Mimi nilikuwa mgeni wa mwaka mmoja kutoka Unguja,
Kiarabu changu cha msahafuni, sokoni wakinicheka.
Usiku wa tatu sauti ikatoka kizani:
"We askari, karafuu Pemba bei gani siku hizi?"
Kumbe alikaa Wete miaka saba!
Tukazungumza hadi alfajiri, mlango katikati,
habari za mvua, za muhogo wa nazi,
za bibi mmoja wa Mtambwe aliyekuwa bado anamdai.

Siku thelathini. Nilipomfungua
mkono wangu ulikuwa mzito kuliko mguu wake.
Hakugeuka nyuma; alikuwa na ndimu za kutazama.
Nami nilitamani, Mola anisamehe,
aibe tena.

"Babu," Ghania anivuta kanzu, kwa Kiarabu,
"nani alifungwa humu?"
Namjibu kwa Kiswahili, naye hakijui:
"Tulikuwa wawili."

Msimamizi, kijana mpole, atuomba tusiguse kioo.
Simwambii kitu kuhusu kadi.
Nakwenda msalani kunawa.
Naweka viganja chini ya bomba
na maji yanakuja yenyewe, yanamwagika tu,
bila kuuliza zamu ni ya nani.